Lini Uombe Tiba Shufaa kwa Mgonjwa Wako

"Dada, daktari amesema tumchukue mama tukamwuguze nyumbani, tumpe chochote anachotaka kula. Sasa tufanyeje?"

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, kwa maneno haya haya au yanayokaribiana nayo. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya ugonjwa mzito. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani na mkoba wa dawa, daftari na glavu. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amekwisha kuchelewa. Nikifika namkuta mgonjwa amepoteza kauli, amebakiza siku tatu au nne, na familia imekesha wiki nzima nzima ikimsikiliza akilia kwa maumivu ambayo dawa yake ipo.

Naliandika hili kwa uchungu wangu pia. Mama yangu aliruhusiwa kutoka hospitali moja kubwa akiwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na mstari mmoja tu wa dawa: panadol, viwili mara tatu. Hakuna aliyetuambia kwamba chini ya jengo lile lile kulikuwa na chumba cha tiba shufaa. Tulikuja kukijua baada ya arobaini.

Basi shika hili kabla ya mengine yote. Usiulize, "Je, amefika mwisho?" Uliza, "Je, ugonjwa unamtesa kuliko tunavyoweza kumsaidia sisi wenyewe?" Ukiona jibu ni ndiyo, wakati umefika, hata kama bado anakwenda kwenye mionzi.

## Jina lenyewe

Tiba shufaa ni huduma ya kumwondolea mgonjwa mateso ya ugonjwa usiopona au unaotishia uhai: maumivu, kubanwa pumzi, kutapika, vidonda, hofu, na mzigo ulioiangukia familia. Hospisi ni kituo au timu inayotoa huduma hiyo, hasa pale matibabu ya kuponya yanapokuwa yamefika kikomo. Wengi wakisikia hospisi hudhani ni nyumba ya kupelekwa watu wakafie. Kwetu Afrika Mashariki, mara nyingi hospisi ni kliniki ndogo na timu inayomfuata mgonjwa nyumbani kwake. Vitanda vya kulaza ni vichache sana.

Huduma hii si ngeni kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Hapa Tanzania iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ziko timu za hospitali kama Selian kule Arusha na Muheza kule Tanga, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo au angalau muuguzi aliyesomea kazi hii. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote ni kama asilimia 14 tu ya wanaohitaji huduma hii ndio wanaoipata. Wengine wanaikosa kwa kuwa haipo. Wengine wanaikosa kwa kuwa hakuna aliyeiomba, na hao ndio ninaowaandikia.

Kama umesoma habari za Marekani, au una ndugu huko, utasikia kwamba hospisi ni ya mtu aliyebakiza miezi sita na aliyekubali kuacha matibabu ya kuponya. Ule ni utaratibu wa bima yao. Usiuchukue kuwa ndio kipimo chako.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Makaratasi yote ya hospitali: kadi ya kliniki, majibu ya kinyama kilichokatwa na kupimwa, picha, karatasi za kuruhusiwa. Yaweke kwenye mfuko mmoja wa nailoni usioingiza maji.
- Dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye chupa na pakiti zake. Za miti shamba pia. Hakuna atakayekugombeza, tunahitaji kujua nini kinaingia tumboni.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mtu mmoja atakayekuwa msemaji wa familia, mwenye simu inayopatikana.
- Jibu la swali hili: mgonjwa mwenyewe anajua nini kuhusu ugonjwa wake? Usikisie. Kama hujui, andika kwamba hujui.

## Hatua kwa hatua

1. Muulize daktari maswali matatu, ukiwa umekaa.

Usimuulize kwenye korido akiwa anapita. Mwambie muuguzi wa wodi kwamba familia inaomba dakika kumi za daktari. Kisha uliza hivi:

"Matibabu anayopata sasa ni ya kumponya, ya kumwongezea muda, au ya kumpunguzia mateso?"

"Daktari, utashangaa akiwa hatunaye mwakani wakati kama huu?"

"Nani hapa anahusika na tiba shufaa, na tunaweza kumwona leo?"

Swali la pili usilikwepe. Daktari wengi hawapendi kutaja miezi, na wana haki, kwa kuwa hesabu hiyo hukosewa mara nyingi. Lakini akijibu kwamba hatashangaa, basi tiba shufaa ianze, hata kama dawa za saratani zinaendelea. Unaweza kusikia jibu la mafumbo, "Tumwachie Mungu" au "Mpelekeni nyumbani akapumzike." Hapo rudia swali la tatu, kwa adabu, mpaka upewe jina la mtu au namba ya chumba.

2. Andika daftari siku saba.

Kila asubuhi na kila jioni andika mambo manne: maumivu, usingizi, chakula, na choo. Maumivu pima kwa mkono. Mwambie mgonjwa: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Mtu asiyejua kusoma anaweza kipimo hiki, na hata mtoto wa shule.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa na saratani ya umio. Nilipomwuliza mara ya kwanza aliinua mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, akatazama pembeni asije kuonekana na wajukuu. Kidole cha tano kilitetemeka. Mwanawe, aliyekuwa akinihakikishia kwamba "mzee ni mvumilivu, hana shida," alitoka nje ya chumba. Kwa miezi miwili walikuwa wamehesabu kimya cha mzee kuwa ni nafuu.

Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, tazama uso ukikunjwa anapogeuzwa, mkono unaoshika mahali pamoja, miguno, na kukataa kuguswa.

3. Linganisha daftari na dalili hizi.

- Amelazwa mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita kwa ugonjwa uleule.
- Zaidi ya nusu ya saa za mchana yuko kitandani au kwenye kiti.
- Anapungua: pete inadondoka kidoleni, kanga iliyomzunguka mara moja sasa inamzunguka mara mbili.
- Kumeza kumekuwa kazi, au anapaliwa na maji.
- Vidole vitatu na kuendelea, ilhali anatumia dawa alizoandikiwa.
- Pumzi inambana akiwa ametulia.
- Mwenyewe amesema amechoka na matibabu.

Ukiona mbili katika hizi, omba tiba shufaa wiki hii. Kama ni maumivu au pumzi, moja inatosha, na uombe leo. Usisubiri zote zitimie. Zikitimia zote huwa tunakuja kufanya kazi ya siku chache tu.

Hapa kuna onyo zito. *Kukonda peke yake si kufika mwisho.* Mtu mwenye VVU aliyebaki mifupa, au mwenye kifua kikuu, anaweza kuinuka na kurudi shambani akipata dawa sahihi. Nimewakuta watu waliolazwa chumba cha nyuma wakisubiriwa kufa, kumbe wameacha ARV au zimeacha kuwafanyia kazi, na hakuna aliyepima. Kwa mgonjwa kama huyo, kwanza hakikisha kipimo cha wingi wa virusi na cha kifua kikuu vimefanyika. Tiba shufaa itamfaa kwa maumivu, lakini usiichukue kama kibali cha kumkatia tamaa.

Na kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi, anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali: vidonge vyake vya moyo na vya kutoa maji ndivyo vinavyompa nafuu. Haviachwi kwa sababu ameingia tiba shufaa.

4. Zungumza na mgonjwa kabla ya ndugu.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tunamficha kwa upendo, naye anatuficha kwa upendo, na nyumba nzima inakaa kimya mpaka kauli inakatika.

Huhitaji kutangaza kifo. Keti usawa wake, zima redio, na uanze kwa kuuliza: "Baba, hali yako unaionaje wewe mwenyewe?" Kisha nyamaza. Kimya kikirefuka kiache. Wazee wengi watakwambia jambo wanalolijua siku nyingi. Akisema, "Mwanangu, safari hii sidhani," usimkatize kwa "Usiseme hivyo, utapona." Mwambie: "Nakusikia. Kuna watu wa hospitali wanaokuja nyumbani kupunguza maumivu. Ungependa waje?" Na umwulize anachotaka: awe wapi, nani awe karibu, kitu gani kinamsumbua moyo.

Asipotaka kujua, ana haki hiyo. Mwulize tu: "Ungependa mambo ya ugonjwa tuzungumze na nani kwa niaba yako?"

5. Kaeni kikao cha familia, kifupi.

Waliopo na walio mbali kwa simu. Soma daftari kwa sauti, lote, siku saba. Hakuna hoja inayoshinda daftari mbele ya kaka aliyeko Muscat ambaye mara ya mwisho kumwona mama alikuwa akipika.

Kaka huyo mara nyingi ndiye mwenye pesa, naye atasema apelekwe India. Msimpinge kwa hasira. Anapenda kama ninyi, na umbali unamchoma. Lakini kabla ya kuuza kiwanja, pateni majibu kutoka kwa daktari anayemjua mgonjwa. Matibabu ya huko yatamponya au yatamwongezea muda? Muda wa namna gani, wa kukaa barazani au wa kulazwa? Ana nguvu za kuvumilia safari yenyewe? Nani atakaa naye? Akifia huko, mwili utarudije na kwa gharama ya nani? Nimeona familia ikiuza shamba la mgonjwa mwenyewe, mgonjwa akafa peke yake kwenye chumba asichojua lugha ya watu wake. Nimeona pia aliyekwenda akarudi mzima, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa unatibika. Majibu ya daktari ndiyo yaamue.

6. Omba rufaa.

Kama yuko wodini, omba barua ya rufaa kabla ya kutia sahihi karatasi ya kuruhusiwa. Ukishatoka getini, kurudi kuitafuta ni siku nzima. Kama yuko nyumbani, nenda wewe na mfuko wa makaratasi. Mgonjwa hana haja ya kubebwa kwenye bajaji kwa ajili ya kujieleza. Kwa Tanzania anzia hospitali ya mkoa au ya rufaa, uulize kitengo cha tiba shufaa kwa jina hilo hilo. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii nao mara nyingi wanatujua. Kwa Kenya, uliza hospitali ya kaunti au wasiliana na KEHPCA, muungano wa hospisi za nchi hiyo. Kwa walio pwani iko Coast Hospice Mombasa. Kwa Uganda, Hospice Africa iko Makindye, Kampala, na ina matawi Mbarara na Hoima.

Swali la gharama liulize mapema na waziwazi: ziara ni kiasi gani, dawa ni kiasi gani, kuna msamaha kwa asiye na uwezo? Muone pia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

7. Ziara ya kwanza, na mofini.

Timu itakaa, itasikiliza, itapima, itatazama vidonda. Ikifika kwenye maumivu makali, itataja mofini, dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu. Hapo ndipo ninapoona macho ya familia yakibadilika, kwa hiyo nieleze kwa urefu.

Mofini tunayotumia majumbani ni ya maji, ya kunywa. Haimuui mgonjwa ikitolewa kwa kipimo chake. Haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja. Na kuanza mofini hakumaanishi kwamba mtu anakufa kesho. Wapo wanaoinywa miezi mingi wakiendelea na kazi ndogondogo. Kipimo huanza kidogo na kupandishwa kufuata maumivu.

Hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Ratiba niliyozoea kuandika ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huandikwa mara mbili ya kawaida ili mgonjwa alale hadi alfajiri, lakini fuata ulivyoandikiwa wewe. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Siku mbili tatu za mwanzo atalala sana. Mara nyingi ni deni la usingizi la miezi analolipa. Anaweza kupata kichefuchefu, nacho kwa kawaida hupita. Kukosa choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile ya mofini. Familia ikiniambia "mofini imemshinda," mara nyingi nikigusa tumbo nakuta choo cha siku nane.

Maonyo ya chupa hii:

- Usiongeze dozi kwa akili yako. Piga simu.
- Ukimkuta amelala hata hashtuki ukimwita na kumtikisa, au anapumua taratibu mno, usimpe dozi inayofuata. Piga simu mara moja.
- Usiikatishe ghafla kwa sababu "leo ana nafuu." Nafuu hiyo inatokana na dawa.
- Ifungie. Mtoto akiinywa ni hatari ya kifo.
- Usichanganye na diklofenaki za dukani bila kuuliza. Zinatoboa tumbo na kuumiza figo, hasa za mtu asiyekula.

Yule mzee mvuvi tulianza naye Jumatatu. Alhamisi nilipopita aliinua mkono akiwa anatabasamu: ngumi. Alikuwa ametolewa barazani, amekalishwa kwenye mkeka, anawaelekeza wajukuu kushona nyavu. Wiki ile aliita watoto akawaonyesha mpaka wa shamba kwa kidole, akamwomba mkewe radhi mbele yao. Aliishi wiki tano zaidi. Mkewe aliniambia zilikuwa wiki tano za mazungumzo mengi kuliko miaka mitano iliyotangulia.

8. Kubalianeni atakuwa wapi siku za mwisho.

Andikeni kwenye daftari: nyumbani au hospitali, nani akeshe usiku upi, namba ya nani ipigwe saa 8 usiku. Mambo ya wosia na ya dini yafanywe angali na kauli: sheikh au padri aitwe mapema, bila kungoja mkoromo. Masheikh na mapadri niliokutana nao vitandani hawajawahi kunizuia kutoa dawa ya maumivu.

Mkichagua nyumbani, mjulisheni mapema mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji kwamba mna mgonjwa aliyeruhusiwa na hospitali, na mtunze karatasi za ruhusa. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwao; Kenya huripotiwa kwa chifu msaidizi, ambaye ndiye anayetoa kibali cha mazishi. Hamtahangaishwa mkiwa na msiba juu ya kichwa.

## Mambo yakienda kombo

Hospitali inasema haina tiba shufaa. Muulize mfamasia kama wana mofini ya kunywa, na mganga mfawidhi nani anaruhusiwa kuiandika. Uganda wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hii huruhusiwa kuandika mofini. Kwingine kwa kawaida ni daktari. Mara nyingi dawa ipo rafuni, hakuna anayeiomba. Kama kweli haipo, omba rufaa ya tiba shufaa kwenda hospitali ya juu yake. Mwanafamilia anaweza kwenda na makaratasi.

Mofini imekwisha na kituo hakina. Usingoje tone la mwisho. Chupa ikibaki ya siku tatu, piga simu.

Hataki kula. Hili ndilo linalowaliza kina mama kuliko lolote. Mwili unaofunga safari hauhisi njaa kama wetu. Mpe vijiko viwili vya uji akitaka, kipande cha barafu au maji ya dafu kwa tone. Usimlazimishe, wala usimmiminie akiwa amelala. Chakula kinaingia mapafuni. Mswaki laini, pamba yenye maji mdomoni, mafuta ya mgando kwenye midomo: hiyo ndiyo huduma.

Ndugu wanadai dripu. Kwa anayeharisha au anayetapika, anaweza kuihitaji. Kwa anayekaribia mwisho, maji yale huishia miguuni na kifuani, na mkoromo unazidi. Waambie wamwulize muuguzi, badala ya kumwita mtu wa duka la dawa aje kutundika chupa.

Mkoromo umeanza. Mgeuze alale ubavu, inua kichwa kidogo. Sauti hiyo inatutesa sisi zaidi kuliko yeye. Piga simu, ipo dawa ya kuipunguza.

Kidonda kinanuka hadi wageni hawaingii. Tunasaga vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa. Harufu hupungua kwa siku chache. Omba hili, usione haya.

Ghafla mgongo unauma sana na miguu inakosa nguvu, au mkojo umefunga. Kwa mwenye saratani, hasa ya titi au ya tezi dume, hiyo ni dharura hata akiwa chini ya tiba shufaa. Hospitali siku ile ile. Akicheleweshwa anaweza asitembee tena. Vivyo hivyo kutokwa damu nyingi, kuvunjika mfupa, au degedege.

Amepata nafuu, tumeaibika kumwita hospisi mapema? Hakuna aibu. Wapo tuliowapunguzia ziara hadi mara moja kwa mwezi, wengine wakarudi kliniki ya kawaida. Mlango unabaki wazi.

Ndugu wamegoma kabisa. Iombe timu ije mara moja tu, "kumwona mgonjwa na kusalimia." Wengi waliogoma hubadilika wakiona mgonjwa amelala usiku mzima.

Wewe unayeuguza umeishiwa nguvu. Umemgeuza kila saa mbili, umefua mashuka, umebeba beseni, na jana ulimfokea halafu ukalia jikoni. Mwambie muuguzi, akupangie na wewe. Gawa zamu kwa majina: fulani Jumanne usiku, fulani Ijumaa mchana. Ukisema "mtu aje anisaidie," hatakuja mtu.

Na mambo yakiisha, timu itarudi kuwatazama ninyi mliobaki. Wekeni ile chupa ya mofini pamoja na dawa nyingine zilizobaki, zirudishwe hospitali siku hiyo. Jirani atakuja kuiomba kwa ajili ya mgonjwa wake. Msimpe chupa. Mpeni namba yetu.